Mume Naye Apimwe

Mkaza mwana akikosa mimba, twamnyoshea kidole yeye, shangazi wa mume akiwa wa kwanza! Je, mwana wetu amepimwa?

Wapo wanaume wachache mno, chini ya mmoja kati ya elfu moja wasiozaa, ambao mbegu zao zina vichwa mviringo kama gololi. Zaweza kuwa nyingi, lakini hazina kifuko cha kichwani kinachosaidia kupenya yai. Nguvu za kiume anazo. Ni hitilafu ya kuzaliwa nayo, si laana, na mitishamba haiibadilishi. Huonekana kwa hadubini tu.

Wengine husaidiwa kwa kudungwa mbegu moja ndani ya yai maabarani, njia iliyoleta watoto wa kwanza 1992. Nairobi hufanywa, ila ni ghali.

Mwaka ukipita bila mimba, waende hospitali wote wawili.