"Mbona hatukuona dalili?": swali linalorudi kila mjadala wa transjenda ukiwaka

Haya ni maandishi ya mazungumzo niliyotoa Jumamosi kwa kikundi chetu cha wanafunzi pale Westlands. Watu kadhaa waliomba niyaweke hapa, basi nimeyaweka kwa vipande, karibu vile vile nilivyoongea. Sheria ya uzi huu ni ile ile: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Tunachambua hoja.

Wadau, hoja yenyewe mmeisikia. Inasemwa jukwaani kwenye mkutano wa hadhara, inasemwa redioni asubuhi watu wakiwa kwenye matatu, na inasemwa na mjomba katika kundi la WhatsApp la familia: "Huyu tulisoma naye shule ya wavulana miaka minne. Tulilala bweni moja. Hakuna siku tuliona dalili yoyote. Leo ati ni mwanamke?"

Mimi sisemi hilo ni swali la kijinga. Ni swali la ushahidi, na siasa bila ushahidi ni kelele. Lakini kila swali la ushahidi lina swali lingine nyuma yake: ushahidi wa nini, na nani amepewa kazi ya kuutoa?

Kesi inayotusaidia ni ya hapa hapa Nairobi, iko kwenye rekodi ya umma, na mwenyewe amejitokeza kuizungumzia mara nyingi. Audrey Mbugua alifanya KCSE mwaka wa 2001 katika Shule ya Upili ya Kiambu, shule ya wavulana, kwa jina la Andrew. Akapata A ya kutoa. Hebu fikirini mtahiniwa huyo vile walimu walivyomuona: kijana mwerevu, sare ya wavulana, jina la kiume kwenye orodha. Mwaka wa 2008 Hospitali ya Mathari ilimpa utambuzi wa kitabibu kwamba jinsia anayoijua ndani yake haiendi na ile aliyoandikiwa alipozaliwa. Akabadilisha jina kwa hati rasmi. Halafu akaenda kwa Baraza la Mitihani kuomba cheti chenye jina lake jipya, kisicho na alama ya jinsia.

Baraza likakataa. Likashikilia kwamba kanuni zake hazitoi nafasi ya kubadilisha cheti kwa sababu kama hiyo. Kesi ikaenda Mahakama Kuu, na tarehe 7 Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir akaamua: Baraza litoe cheti kipya chenye jina la Audrey, bila alama ya jinsia, ndani ya siku 45.

Hapa ndipo watu wengi wanakosea wakisimulia. Mahakama haikusema Audrey ni mwanamke. Haikusema ni mwanamume pia. Jaji aliangalia kitu kidogo zaidi na, kwa maoni yangu, chenye akili zaidi: cheti cha mtihani ni cha nini? Alama za KCSE hazitolewi kwa kufuata jinsia. Mwanafunzi akipata A ya kutoa, ni kwa sababu ya yale aliyoandika kwenye karatasi. Ukiondoa ile herufi moja ya jinsia, cheti hakipungui thamani hata kidogo. Lakini ukiiacha, mwenye cheti anaenda kutafuta kazi na karatasi inayompinga mbele ya kila mwajiri.

Kwa hivyo lile swali la bweni, "mbona hatukuona," halikuhitaji kujibiwa ili haki itendeke. Sijui kwa nini kwenye mijadala hatulioni hilo. Tunaanza na kumchunguza mtu utoto wake wote kabla hata ya kuuliza ni kitu gani hasa anaomba.

Sasa twende kwa upande ambao wanasiasa wanapenda kuusimamia kwa sababu ni salama kidogo. Utasikia: "Sisi hatuna shida na watu huntha, hao Mungu amewaumba hivyo. Shida yetu ni hawa wanaojibadilisha." Huntha, kwa wale wageni kwenye uzi, ni watu wanaozaliwa na maumbile yasiyoingia moja kwa moja upande wa kike au wa kiume. Na kweli Kenya imewafungulia mlango, polepole. Kulikuwa na kesi ya Mtoto A, aliyezaliwa Hospitali ya Kenyatta mwaka wa 2009, na kwenye fomu mahali pa jinsia pakawekwa alama ya kuuliza. Mahakama Kuu ikaitolea uamuzi Desemba 2014. Sensa ya 2019 ikawahesabu watu huntha kwa mara ya kwanza: 1,524 kati ya Wakenya zaidi ya milioni 47. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo ikawataja.

Ona tofauti iko wapi. Mtoto A alikuwa na ile alama ya kuuliza tangu siku ya kwanza. Daktari aliona. Mwanamke transjenda kama yule wa Kiambu hana alama ya kuuliza popote. Fomu yake ilijazwa bila mtu kusita, mkunga akasema mvulana, nyumba ikashangilia mvulana, na miaka yote iliyofuata kila mtu akasoma kile kilichoandikwa. Serikali yetu inaweza kuelewa shaka iliyoonekana na mtu mwingine. Shaka iliyobebwa na mwenyewe peke yake haijui iiweke kwenye faili gani.

Na sasa ile mbona. Mbona hakuna aliyeona? Jamani, tuwe wakweli kuhusu shule zetu. Mvulana akitembea kidogo tofauti, akipenda kukaa na wasichana siku ya mashindano ya muziki, anapewa jina la utani wiki hiyo hiyo, na hilo jina linamfuata mpaka kidato cha nne. Mtu mwenye siri ya namna hii anajifunza mapema sana kuiga. Anapiga sauti nzito. Anacheza mpira hata kama haupendi. Anacheka mzaha unaomuuma. Wengine wanazidisha kabisa, wanakuwa ndio wanaume zaidi darasani. Halafu miaka 15 baadaye tunatumia ule uhodari wake wa kujificha kama ushahidi kwamba hakuwa na kitu cha kuficha.

Tena si wote walikuwa wanajificha. Kuna wengine hawakuwa na neno. Ukikulia mahali ambapo hakuna mtu wa namna yako aliyewahi kutajwa ila kwa matusi, unaweza kuishi na uzito bila kujua unaitwaje. Hata madaktari wameliona hili. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inayotumika tangu 2022 iliitoa hali hii kwenye magonjwa ya akili, na ina kipengele cha watoto na kingine tofauti cha vijana na watu wazima. Mtu mzima hahitajiki kuleta historia ya utotoni ndipo aaminiwe.

Hapa nataka kuwagusa kidogo watu wa upande wetu, wanaharakati. Nyinyi pia mnachangia. Kila mahojiano ni hadithi moja: "Tangu nikiwa na miaka minne nilivaa nguo za mama, kila mtu alijua." Kwa wengine ni kweli kabisa. Lakini hadithi hiyo ikigeuka kuwa tiketi ya kuingilia, yule ambaye hakuna aliyejua, aliyeoa labda, aliyefanya kazi ya kiume, aliyeanza safari akiwa na miaka 35, anaachwa nje ya lango na pande zote mbili. Wapinzani wanamwita mwongo, na watetezi wake wanaona aibu kidogo kumtumia kama mfano. Mimi naona huyo ndiye mfano wa kweli wa hoja, kwa sababu yule anayeonekana tangu utotoni hata mjomba wa WhatsApp anaweza kumhurumia.

Kuna jambo lingine linalonifanya niamini kwamba "tangu mwanzo" si kipimo ambacho watu wenyewe wanakiheshimu. Mnamkumbuka Margaret Wambui? Shaba ya mita 800, Olimpiki ya Rio 2016. Yeye si transjenda, na watu wasichanganye. Alizaliwa akaitwa msichana, akalelewa msichana, akakimbia na wasichana. Historia anayoidaiwa mwanamke transjenda, Wambui anayo yote. Na bado mwaka wa 2019 kanuni za kiwango cha homoni za shirikisho la riadha la dunia zikamfungia mbio zake, yeye na wenzake kadhaa. Mtandaoni baadhi ya wale wale wanaosema "tunajua mwanamke kwa vile alivyozaliwa" wakageuka wakasema kuzaliwa hakutoshi. Mnaweza kuwa na maoni yenu kuhusu michezo, mimi pia sina jibu rahisi huko, kwa sababu mbio ni za mwili na wanaoshindana nao wana haki yao. Lakini angalieni vile mstari unavyosogezwa.

Turudi mjini. Kuna watu wanasema haya ni mambo ya Ulaya, hayamgusi mwananchi wa kawaida. Tembeeni kutoka Kenyatta Avenue mpaka Haile Selassie muone. Kila jumba la ofisi, soja anataka kitambulisho. Westlands ni hivyo hivyo. Kutoa pesa kwa ajenti, kitambulisho. Kusajili laini, kukodi nyumba Kangemi, kufungua akaunti, kitambulisho. Na Sheria ya Usajili wa Watu inataka jinsia iandikwe pale. Sasa mwanamke amesimama mbele ya soja na kadi inasema mwanamume. Soja anaangalia kadi, anaangalia uso, anaita mwenzake. Foleni nyuma inasikia kila kitu. Hiyo inaweza kutokea mara tatu kwa siku moja, bila siasa yoyote.

Na inaweza kuishia kituoni. Eldoret mwanamke mmoja transjenda alikamatwa mwaka wa 2019, akashtakiwa kwa kujifanya mtu mwingine, na akapekuliwa mwili kwa njia ya kumdhalilisha akiwa kizuizini. Agosti 2025 Mahakama Kuu ya huko, chini ya Jaji Reuben Nyakundi, ikaamua kwamba utu wake ulivunjwa, ikaamuru alipwe fidia, na ikaiambia serikali itunge sheria ya kuwalinda watu transjenda au irekebishe mswada wa watu huntha uwajumuishe.

Hilo kosa la kujifanya mtu mwingine lisomeni wenyewe, kifungu cha 382 cha Kanuni ya Adhabu. Kinataka mambo mawili: nia ya kulaghai, na kujionyesha kwa uongo kuwa mtu mwingine, awe hai au amekufa. Sasa niambieni, mwanamke huyu alijifanya nani? Yule "mtu mwingine" ana jina gani? Ukifikiria sana, miaka ambayo alikuwa anaigiza mtu ni ile ya bweni, na hiyo hakuna aliyemshtaki.

Kipindi cha maswali, ndugu mmoja aliuliza kitu ambacho nakiona ndicho kigumu kabisa, na nilimshukuru. Alisema: "Sawa, hatutaki ushahidi wa utotoni. Basi mtu akiamka leo asubuhi aseme yeye ni mwanamke, aingie jela ya wanawake, aingie choo cha wanawake, tumzuie na nini?"

Nilimjibu kwamba wasiwasi huo ni halali, hasa kwa jela, na wanawake wanaouuliza wasiitwe majina. Lakini huo ni mjadala kuhusu utaratibu. Unaweza kuwa na sheria inayotaka barua ya daktari, au kiapo, au muda fulani wa kusubiri, na jela unaweza kuzipa kanuni zake tofauti na za kitambulisho. Nchi zinatofautiana sana hapa na tunaweza kugombana wiki nzima kuhusu upi ni bora. Kenya kwa sasa haina utaratibu wowote wa kisheria wa kubadilisha alama ya jinsia kwenye kitambulisho, mkali wala mlegevu. Aliye mkweli na tapeli wote wanapelekwa kwa jaji, mmoja mmoja, kwa gharama zao. Audrey alitoka Mathari na utambuzi wake 2008, na uamuzi wa cheti ukaja 2014. Hakuna anayeamka asubuhi moja akafanya hivyo.

Ndugu akasema bado hajashawishika kuhusu jela. Nikamwambia hata mimi ningependa kuona kwanza hizo kanuni zimeandikwa vipi. Wiki ijayo, mungu akipenda, tutausoma ule mswada wa watu huntha kifungu kwa kifungu. Mwenye nakala aniwekee hapo chini.