Uuguzi Ulipoingia Chuo Kikuu

Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kilipokea wanafunzi wake wa kwanza wa uuguzi Machi 1909. Kabla ya hapo, karibu kila aliyetaka kazi hiyo alijiunga na shule iliyomilikiwa na hospitali, na hospitali ndiyo iliyokuwa na usemi wa mwisho. Mwanafunzi alitandika vitanda, akasugua sakafu, akachemsha vyombo na kukesha na wagonjwa. Somo lilikuja usiku, zamu ikiisha, macho yakiwa mazito kwa usingizi. Wodi ikizidiwa, kilichoahirishwa ni kipindi cha darasani.

Daktari Richard Olding Beard, mwalimu wa fiziolojia chuoni Minnesota, alipigania utaratibu mwingine: muuguzi afundishwe na chuo kikuu, na aingie akiwa amemaliza sekondari. Alifanikiwa, ingawa si kwa yote. Wanafunzi wake waliendelea kubeba mzigo mkubwa wa wodi, na mpango wa miaka 5 wa kuwapa shahada haukuanza hadi 1919. Miaka 10 ni mingi kwa haki iliyo wazi namna hiyo.

Mwaka 1923 ripoti iliyoandikwa na Josephine Goldmark ilieleza bila kificho jinsi mahitaji ya hospitali yalivyomeza masomo. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Yale kilifungua shule yake ya uuguzi chini ya mkuu wake, Annie Goodrich, kwa fedha za Wakfu wa Rockefeller.

Katharine Densford aliongoza shule ya Minnesota kuanzia 1930 hadi 1959. Vita Kuu ya Pili ya Dunia vilipowaondoa wauguzi wengi hospitalini, serikali ya Marekani iliunda kikosi cha makadeti wauguzi mwaka 1943. Kadeti alilipiwa ada, akapewa posho na sare ya kijivu yenye mabega mekundu. Naye aliahidi kuhudumu hadi vita viishe. Densford aliwafungulia milango kwa mamia.

Kwa upande wa Afrika Mashariki, Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza mwaka 1968 na stashahada ya juu kwa wauguzi waliokuwa tayari kazini. Shahada ya kwanza ilifuata 1992.

Wahitimu wa uuguzi wanaotunukiwa shahada leo watapokea wanafunzi wodini kesho. Wasikubali hata mwanafunzi mmoja atolewe darasani kwenda kuziba pengo la mfanyakazi.