Akili Unde Nayo Iwe Ajenda ya Kijiji



Jani la muhogo lina mabaka. Unalielekezea simu, na programu iitwayo Nuru inakwambia kwa Kiswahili: hii ni batobato, au hii ni michirizi kahawia. Hiyo ni akili unde. Picha za mwanzo za kuifundisha zilipigwa humu humu mkoani Pwani, mashambani nje ya Bagamoyo.

Ikikosea kwenye muhogo, utamwita bwana shamba. Lakini mashine ikiamua nani akopeshwe kwa simu na nani anyimwe, utamwita nani?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuruhusu kudai uamuzi mzito juu yako usifanywe na mashine peke yake. Dai mtu auangalie upya. Narudia: dai mtu auangalie upya. Ukipuuzwa, peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Ila usingoje hadi ukataliwe. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, awe na simu janja au kitochi. Mradi ukija kupiga picha mashamba au kuandikisha watu, uliza pale: taarifa zetu zinakwenda wapi? Nani anaamua? Tukikataa, inakuwaje? Majibu yaandikwe kwenye muhtasari, yasiishie kuwa maneno ya kijiweni.

Kabla ya mkutano ujao, mwone mtendaji wa kijiji. Mwombe suala hili liwe ajenda. Lisitupwe kwenye mengineyo, watu wakiwa wameshaanza kuondoka.