Msimamizi wa Moto na Ufunguo wa Mlango



Machi 2001 wanafunzi 67 walikufa kwa moto bwenini katika shule ya Kyanguli, Machakos, Kenya. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo.

Tulipokagua bweni letu mojawapo, tulikuta mtungi mpya wa kuzimia moto ukutani, lakini mlango wa nyuma una kufuli kwa kuhofia wezi. Ufunguo alikuwa nao mlinzi, getini. Tuliona aibu.

Kwa hiyo tunaomba kila kituo kiteue msimamizi wa moto na msaidizi wake, watu wanaolala hapo hapo. Kila jioni wahakikishe milango yote inafunguka kutoka ndani bila ufunguo. Moto ukitokea, wapige kengele, wawatoe watu, wapige simu 114, kisha waite majina mahali pa kukusanyikia. Asiyeonekana, zimamoto waambiwe. Msimamizi asirudi ndani.

Komeo la ndani ni rahisi kuliko mtungi. Tuanze na hilo.