Tusishuke Dunguni

Somo letu latoka katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 9, aya ya 24 hadi 27.

Sisi wa Garsen na vijiji vya kando ya Mto Tana twajua jinsi maji yajavyo. Mvua hunyesha mbali, Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Hapa kwetu pengine halijaanguka hata tone, lakini mto hujaa. Hatukuyaita maji hayo, wala hatuwezi kuyazuia yasiondoke. Mkulima hushukuru, hupanda mpunga katika udongo uliolowa, na maji hushuka.

Ndivyo ilivyo hamu ya moyo. Hutujia siku ya mkutano mkubwa wa Injili, tukalia, tukaahidi: tutaamka mapema tulisome Neno, tutaacha pombe, tutaweka akiba ya karo ya watoto. Juma la kwanza tulitimiza. Juma la pili tuliruka siku mbili. Juma la tatu tulisema, "Ngoja kwanza moyo upate nguvu." Hatukuikana imani, tulingoja tu hamu irudi. Na katika kungoja, mwaka ukapita.

Hebu tumtazame mwenye shamba la mpunga. Siku ya kupanda watu huimba, na siku ya kuvuna huimba. Katikati zipo siku za kuamia ndege. Mtu hukaa juu ya dungu tangu alfajiri hata jua kuchwa, kombeo mkononi, na jua kali, na usingizi. Ndege hawamwulizi kama leo ana hamu. Akisema, "Leo nimechoka, nitapanda dunguni kesho," kesho atakuta masuke matupu. Avunaye si yule aliyefurahi zaidi siku ya kupanda, bali ni yule aliyekaa dunguni.

Mtume Paulo aliwatazama washindanao katika michezo, akaona kwamba hujizuia katika yote. Naye aliutiisha mwili wake, asije akawahubiri wengine, kisha yeye mwenyewe akakataliwa. Danieli naye, amri ya mfalme ilipotiwa sahihi, aliingia chumbani akaomba mara tatu kwa siku, kama alivyozoea. Ushujaa wa siku ile ulitokana na mazoea ya siku nyingi.

Jambo hili si la faida ya mtu mmoja tu. Toka Agosti 2012 hata Januari 2013 damu ilimwagika katika delta yetu, kati ya wakulima na wafugaji, na watu zaidi ya 100 wakafa. Tuliwazika wapendwa wetu, tukasema, "Yasitokee tena." Machozi yale yalikuwa ya kweli, lakini machozi hukauka. Amani hulindwa siku ng'ombe wanapoingia shambani, hasira ikapanda, na mtu akauzuia ulimi wake, akaenda kwanza kwa wazee. Hulindwa mkulima anapoiacha wazi malka, njia ya mifugo kwenda mtoni, ingawa ardhi ile yatamanisha. Na mchungaji anapokesha na mifugo yake, ingawa macho ni mazito.

Je, twaweza hayo kwa nguvu zetu? Hasha. Katika Wagalatia 5 kiasi ni tunda la Roho. Lakini Mungu aoteshaye mpunga hamfukuzii mkulima ndege.

Basi tuchague jambo moja dogo, tuliwekee saa yake, na tumwombe ndugu mmoja atuulize kila Jumapili kama tumelitenda. Tukikosa siku moja, tusingoje mkutano mwingine utuamshe. Ndege wakila suke moja, mkulima halitupi shamba. Hupanda tena dunguni.

Na tuombe. Ee Baba, twakushukuru kwa siku za furaha ulizotujalia. Utupe na uaminifu katika siku zisizo na wimbo, ili tusije tukalia wakati wa mavuno. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.