Kumi na Tatu Si Kumi na Nne

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, kwenye bwalo la shule)



Katibu wa chama chetu aliponiandikia aliniomba nieleze kazi niliyoifanya ng'ambo kwa miaka minane. Akaongeza kwamba nitumie maneno ambayo kijana wa Kidato cha Pili atayaelewa, na ambayo mzee aliyesoma Historia hatasinzia akiyasikia. Nitajaribu. Na kwa kuwa mchana huu tutapiga kura juu ya matumizi ya fedha za mfuko wetu, natamka mapema kwamba hotuba hii ina upande. Mtauona kabla sijakaa.

Kazi yangu ilihusu vipande vidogo sana vya metali. Chukueni sufuria ya alumini yenye uzito wa nusu kilo. Ikateni nusu, na ile nusu ikateni nusu tena, mwendelee hivyo hivyo. Mkifika mara ya 83 hivi, mtabakiwa na atomu moja tu. Vijana wa hesabu wanaweza kuhakikisha jambo hilo jioni kwa kalamu na karatasi.

Sasa, tabia za sufuria tunazijua, na tabia za atomu moja ya alumini zimo vitabuni. Lakini je, kipande chenye atomu 5, au 13, au 100, kina tabia za nani? Za sufuria au za atomu? Kwa miaka mingi wataalamu walikuwa na elimu kubwa ya ncha hizo mbili, na elimu haba ya katikati. Vipande hivyo vya katikati nitaviita vichala, kwa maana atomu zake zimeshikana kama zabibu katika kichala kimoja.

Kwanza, hutengenezwaje? Metali kama sodiamu haina taabu. Ukiitia katika tanuri dogo hutoa mvuke wa kutosha. Lakini tungsteni, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 3,422 za Selsiasi, itaharibu tanuri kabla ya kutoa mvuke wa maana. Mwaka 1981 kundi la Richard Smalley katika Chuo Kikuu cha Rice, mjini Houston, Marekani, lilitangaza njia nyingine, na mwaka huo huo watafiti wa maabara ya Bell nao walitangaza njia ya namna hiyo. Njia yenyewe ni ya leza.

Huchukuliwa ufito wa metali, mnene kama penseli. Mwanga wa leza hukusanywa kwa lenzi ili uangukie nukta moja tu ya ufito. Mwako mmoja hudumu kama nanosekunde 10. Yaani, igawe sekunde moja mafungu milioni 100, kisha uchukue fungu moja. Katika muda huo ile nukta hupata joto la maelfu ya nyuzi, na metali hugeuka mvuke papo hapo huku sehemu nyingine ya ufito ikibaki ngumu. Wakati huo huo vali hufunguka na kupuliza gesi ya heli. Mmekwisha kuona mvuke wa maji ukigusa mfuniko wa baridi: hugeuka matone. Atomu za metali nazo, zikipozwa na heli, hushikana mbili, ikaja ya tatu, ikaja ya nne. Kisha gesi yote hutoka kwa kasi kupitia tundu dogo na kuingia katika chombo kilichonyonywa hewa yote. Ikitanuka humo hupoa sana, na vichala huacha kukua.

Ufito huzungushwa polepole na kusogezwa kama skrubu, ili kila mwako ukute mahali papya. Usipofanya hivyo leza itachimba shimo, na vipimo vyako vitayumba. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa mtu wa ufito na wa vioo, kwa sababu mvuke wa metali hauchagui pa kutua; hata dirisha la kupitishia leza hupakwa, na lazima lisafishwe. Pampu za kunyonya hewa hunguruma mchana na usiku. Ndiyo sayansi yenyewe hiyo, vijana. Sehemu kubwa yake ni usafi na subira.

Pili, tunavihesabuje? Kichala hakionekani kwa darubini ya shule. Basi leza ya pili hukipiga na kung'oa elektroni moja, kichala kikabaki na chaji, kisha nguvu ya umeme hukisukuma ndani ya bomba refu. Siku ya michezo, tufe na mpira wa tenisi vikisukumwa kwa nguvu ile ile, kitakachotangulia ni mpira. Kadhalika kichala chepesi hufika mwisho wa bomba kabla ya kizito, na kila atomu moja ya ziada huongeza uchelewaji kidogo unaopimika. Kwenye karatasi mnaona safu ya vilele kama meno ya kitana: cha atomu 11, cha 12, cha 13.

Hapa ndipo penye utamu. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na katika kibaba cha mchele punje ya mia hufanana na punje ya kwanza. Vichala havikubali. Mwaka 1984 Walter Knight na wenzake huko Berkeley, California, walitengeneza vichala vya sodiamu kwa tanuri na gesi ya agoni. Waliona kwamba vyenye atomu 8, 20, 40, 58 na 92 vilikuwa vingi kupita majirani zao. Sababu ni kwamba kila atomu ya sodiamu hutoa elektroni moja kwa ajili ya kichala kizima, na elektroni hizo hupangwa kama wapangaji katika nyumba ya ghorofa. Ghorofa ikijaa, nyumba hutulia. Vijana wa Kemia wanalijua jambo hilo kutokana na gesi adimu. Ajabu ni kulikuta katika rundo la atomu nyingi.

Turudi kwenye alumini. Oksijeni huishambulia alumini mara moja. Sufuria zetu husalimika kwa sababu utando mwembamba wa oksidi hufunika uso wake na kuzuia shambulio lisiendelee. Mwaka 1989 A. W. Castleman na wenzake katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania walipitisha oksijeni kati ya vichala vya alumini vyenye chaji moja hasi. Vingi vililiwa. Kichala cha atomu 13 kilibaki. Hesabu yake ni ya Kidato cha Pili: kila atomu ya alumini hutoa elektroni 3, mara 13 ni 39, ongeza ile moja ya chaji hasi, unapata 40. Na 40 ni mojawapo ya zile namba za Knight. Ukiwa na atomu 12 unapata 37, ukiwa na 14 unapata 43, na ghorofa haijai sawasawa. Kumi na tatu si kumi na nne.

Tena, kichala hicho kisipokuwa na chaji kina elektroni 39, kwa hiyo kinapungukiwa na moja. Ni nani mwingine katika Jedwali la Elementi anayetafuta elektroni moja? Klorini, na ndugu zake. Mwaka 2004 kundi la Castleman lilionyesha kwamba kichala cha atomu 13 za alumini kikiungana na iodini huwa na tabia ya halojeni. Metali ya sufuria ikatenda kama klorini, kwa sababu ya idadi tu.

Mfano wa mwisho ni dhahabu. Sisi sote tulifundishwa kwamba dhahabu haishiki kutu wala haijishughulishi na wengine, na ndiyo maana pete ya bibi inang'aa mpaka leo. Ni kweli kwa pete. Lakini mwaka 1987 Masatake Haruta, huko Osaka, Japani, alionyesha kwamba chembe za dhahabu zenye upana wa nanometa chache, zikikaa juu ya oksidi za metali nyingine, huwa kichocheo kikali. Huigeuza kaboni monoksaidi, ile gesi ya jiko la mkaa inayoua watu usingizini, kuwa kaboni dioksaidi hata katika baridi iliyo chini kabisa ya nyuzi sifuri. Na mwaka 2003 kundi la Lai-Sheng Wang, katika jimbo la Washington, lilipima kichala cha atomu 20 za dhahabu. Liling'oa elektroni zake kwa leza, likapima nishati yake na kulinganisha na mahesabu. Umbo lililopatikana mnalijua nyote: ni fungu la machungwa sokoni. Kumi chini, sita juu yake, matatu, na moja kileleni.

Ndugu Mwenyekiti, najua swali linalokuja: hayo yatatufaa nini sisi? Faida moja iko wazi. Bomba la moshi la gari la kisasa lina chembe ndogo za platini, paladi na rodiamu za kusafisha moshi, nazo ni metali ghali. Katika bonge, atomu zilizo ndani hazigusani na moshi hata kidogo. Katika chembe ndogo, sehemu kubwa yao iko nje ikifanya kazi. Anayejua ni atomu ngapi zinazofaa ataokoa metali nyingi. Sisi ambao ardhi yetu inachimbwa dhahabu tunauza kwa kilo. Ni vizuri pia tuwe na watu wanaoijua kwa atomu.

Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine. Kila jambo nililolitaja lilipatikana kwa mtu kupima kile ambacho kitabu kilikuwa kimekwisha kukisema. Hata Septemba 1985, wakati mashine ile ile ya Houston ilipowekewa grafiti badala ya metali, kilele cha atomu 60 za kaboni kilichochomoza hakikuwa kimetafutwa. Vijana waliokuwa wakiiendesha, James Heath, Sean O'Brien na Yuan Liu, walikuwa wanafunzi. Kazi hiyo iliwapatia Harold Kroto, Robert Curl na Smalley Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1996. Wanafunzi wale waliweza kukiona kilele kile kwa sababu mikono yao ilikuwa imezoea kupima.

Jana niliingia katika maabara yetu. Mizani imefunikwa vumbi, mabomba hayatoi maji, na kijana mmoja wa Kidato cha Nne aliniambia kwamba bureti anaijua kwa mchoro wa ubaoni. Majibu yake yote yalikuwa sahihi. Alichokosa ni nafasi ya kuona jibu la kitabu likikataa mbele ya macho yake, naye akalazimika kuuliza kwa nini.

Kamati imetuletea mapendekezo mawili: lango jipya lenye jina la shule, au ukarabati wa maabara. Lango ni zuri, na jina letu linastahili heshima. Hata hivyo nawaomba, ndugu zangu, tupige kura kwa ajili ya maji, mizani na bureti. Mimi nitatoa mchango wangu leo hii kabla ya chakula, na nimemwambia Mkuu wa Shule kwamba kila likizo ya Desemba nitakuja wiki mbili kufundisha vitendo bila malipo. Wenzangu wahandisi, waganga na wafamasia mlio humu ndani, nawasubiri mniambie wiki zenu.

Nanyi vijana, mkifunguliwa maabara hiyo, msiridhike kujua kitu ni nini. Ulizeni pia ni kiasi gani, na ni ngapi, kisha mpime wenyewe.