Dakika Tano Baada ya Moyo Kusimama



Hospitali ya Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata Machi 2018. Tumezoea ndugu kumpa ndugu. Wasio na ndugu wa kufaa wamebaki kwenye mashine za kusafisha damu, na kwa ajili yao mmeniomba nizungumzie viungo vya marehemu, hasa yule ambaye moyo wake umesimama baada ya kuondolewa mashine ya kupumulia.

Uingereza, moyo ukisimama, madaktari husubiri dakika 5 ndipo wathibitishe kifo. Italia husubiri dakika 20. Muuguzi akiuliza nani yuko sahihi, ana haki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofuatilia wagonjwa 631 huko Kanada, Ucheki na Uholanzi, ulikuta mioyo michache iliyorudisha mapigo kwa muda mfupi. Iliyochelewa kuliko yote ilikuwa imetulia dakika 4 na sekunde 20. Dakika 5 basi si za kubahatisha. Ila zinabaki sekunde 40 tu, kwa hiyo saa isomwe na mtu asiye na haraka.

Naamini, hata hivyo, kwamba si saa inayowanyima wauguzi usingizi. Muuguzi amekesha na kijana wa watu, amemgeuza, amemfuta jasho, amemfariji mama yake. Alfajiri anaambiwa aandae safari ya chumba cha upasuaji. Anajiuliza: mashine imezimwa kwa kuwa tiba imeshindikana, au kwa kuwa figo zinahitajika? Anayeuliza hivyo asiitwe mkaidi. Ajibiwe kwa utaratibu anaoweza kuuona: uamuzi wa kuzima mashine utangulie, uandikwe kwenye faili na madaktari wasiohusika kabisa na upandikizaji, kisha ndipo mtu mwingine azungumze na familia. Anayepandikiza asiwe ndiye anayethibitisha kifo. Na mwili ukabidhiwe umeshonwa kwa heshima, mapema, maana wapo wanaozika siku hiyo hiyo.

Mwongozo mtakaoujadili leo usipitishwe kabla wauguzi wa zamu ya usiku hawajasikilizwa. Hilo nawaomba kwa dhati.

Baada ya kusema hayo, natamka kuwa mkutano huu umefunguliwa rasmi.